Kabla Hujaita Katapila Kiwanjani

Ukinunua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Kisarawe, Chanika, Mkuranga au njia ya Bagamoyo, neno la kwanza utakaloambiwa ni "safisha". Dalali anasema safisha, fundi anasema safisha, na shemeji akija kuona anauliza mbona hamjasafisha. Kusafisha kwenyewe ni kuita katapila. Linaingia asubuhi, ikifika saa saba mchana ardhi iko wazi kabisa, picha zinatumwa kwa ndugu. Namwandikia yule ambaye bado hajalipa hiyo hela. Nimeishi miaka kadhaa kwenye kiwanja ambacho nusu yake ilisafishwa hivyo na nusu haikuguswa, na tofauti niliyoiona kati ya nusu hizo mbili ni kubwa mno kuikalia kimya.

Kiwanja kipo Kisarawe, eka moja kasoro kidogo, kwenye mteremko, upande ambao zamani ulikuwa umeungana na msitu wa Pugu. Tulinunua mwaka 2018. Upande wa barabarani muuzaji alikuwa ameshaupitisha katapila ili wanunuzi waone bikoni. Upande wa nyuma ulikuwa kichaka kitupu: miiba, kamba za mwituni, vijiti vilivyosongamana, na visiki vya miti iliyokatwa mkaa miaka ya nyuma. Mpango ulikuwa kuufyeka tukishapaua nyumba. Kupaua kukamaliza akiba yote, kichaka kikabaki.

Mbele tukaanza bustani. Fundi bustani alikuja na orodha ambayo ukipita mtaa wowote wenye nyumba mpya utaiona: ashoki kando ya ukuta, pasipalamu uwanjani, bogenvilia getini, mitende ya mapambo miwili kushoto na kulia. Sina ugomvi na mimea hiyo. Ashoki kwao ni India na Sri Lanka, bogenvilia ni Amerika Kusini, na mkrismasi unaotupambia barabara kila Desemba ni wa Madagaska. Yote inaweza kustawi kwenye bustani yenye maji. Shida yetu ilikuwa hayo maji. Udongo wa huku ni kichanga, na ule wa juu wenye rutuba ndio katapila liliusukumia bondeni pamoja na visiki. Kilichobaki kilipitisha maji kama chujio. Tukimwagilia jioni, asubuhi tunakuta pamekauka. Bomba lilikuwa la mgao, kwa hiyo tukawa tunaita boza. Ilifika mahali maji ya nyasi yakawa ghali kuliko maji ya watu waliomo ndani, na mimi na mume wangu tukawa tunanuniana kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya pasipalamu.

Likaja lile joto la Januari na Februari. Nyasi zikakauka mabaka mabaka, ashoki zikaungua ncha, samadi tuliyonunua kwa lori ikageuka vumbi likaingia ndani. Nyuma ya nyumba, ambako hakuna aliyewahi kumwaga hata ndoo moja, kulikuwa kijani. Si kijani cha masika, lakini kijani. Nilikuwa nakiangalia kupitia dirisha la jikoni huku nikisubiri boza lipige honi.

Mtu wa kumuuliza alikuwa karibu. Jirani yetu wa upande wa chini ni bibi wa Kizaramo aliyezaliwa hapo hapo, na tangu kabla hatujanunua alikuwa akipita kwenye kile kichaka kuokota kuni na kuchuma mboga. Siku hiyo nilimfuata.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nachuma mchunga wangu hapa, mnanifukuza?"

Nikamwambia hakuna wa kumfukuza, naomba tu twende wote anionyeshe. Akaniangalia miguuni, akaniambia nikavue kandambili nivae viatu.

Hakuanza na mboga. Alianza na kisiki. Alikisafisha kwa mkono, akatoa majani makavu, ikaonekana katikati pake ni peusi tii na pembeni kuna mzunguko mwembamba wa mti mweupe. Ni mpingo. Kuzunguka kisiki kulikuwa na machipukizi ya miiba yamejazana, yale yale niliyokuwa nayaita takataka. Hatua chache mbele kisiki kingine, hiki cha mfuu, na machipukizi yake yana majani matano matano yaliyojipanga mithili ya vidole. "Waliukata mkaa," bibi akasema, "lakini haujafa. Mizizi iko chini huko, tangu mimi mtoto."

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayosema. Kichaka cha pwani kilichokatwa mkaa hakijaisha. Juu unaona vijiti, chini kuna mizizi ya miti mikubwa iliyokwishafika kwenye unyevu miaka mingi iliyopita. Chipukizi linalotoka kwenye kisiki hicho linanyonya kwa mizizi ya mti mzima, ndiyo maana linakua haraka na halitetereki kiangazi. Mche wa kununua unaanza na mizizi ya kiriba, inabidi uulee kwa ndoo hadi ujitegemee. Katapila likipita linang'oa hivyo visiki vyote, na ukishaving'oa hakuna hela inayovirudisha. Kule Dodoma wakulima wamefufua miti mashambani kwa njia hii hii, wanaiita kisiki hai, na wameifanya kwenye ardhi kame kuliko ya kwetu.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Unachagua kisiki, unaangalia machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, mengine unayakata kwa panga kali karibu kabisa na kisiki. Yale uliyoyaacha unayapunguza matawi ya chini, kama nusu ya urefu, nguvu iende juu. Funga kitambaa cha rangi ili mtu wa kufyeka asipitie, na uzuie mbuzi. Baada ya miezi kadhaa unarudi kukata machipukizi mapya. Yale matawi unayatandaza chini palepale, usiyachome. Majani yakioza yanakuwa udongo, na yakiwa bado hayajaoza yanazuia jua kupiga mchanga moja kwa moja. Tulimlipa kijana wa jirani siku chache kwa kazi hiyo. Huo mfuu leo unatosha kuweka mkeka na watu wanne chini yake, na watoto wanagombania fuu zake nyeusi zikianza kudondoka.

Tuliendelea kutembea, na mimi nikawa naandika kwenye daftari. Mtopetope mwitu, ambao matunda yake ni madogo kuliko ya topetope la sokoni na yakiiva yanakuwa rangi ya chungwa. Mbungo uliopanda juu ya kichaka kizima kwa kamba zake. Nilikuwa nanunua juisi ya mabungo mjini miaka yote bila kujua kwamba mmea wake naupanga kuufyeka. Mkongo mchanga, umenizidi urefu kidogo. Msandarusi mmoja, shina lake lina matone ya utomvu yaliyoganda, ukilibandua tone ukalielekeza kwenye jua unaona ndani yake. Utomvu huo, sandarusi, ulikuwa biashara kubwa ya nchi hii ya Wazaramo karne ya 19. Watu waliuchimba ardhini, ukapelekwa Zanzibar, ukasafirishwa mpaka Salem huko Marekani kutengenezea vanishi ya samani. Nilisoma hayo baadaye, na nikaenda tena kuliangalia lile shina.

Palikuwa na mti mmoja ambao mimi nilikuwa nimeshauwekea alama ya kukatwa, maana ulikaa pale tulipotaka shimo la maji taka. Bibi aliusimamia, mkono kiunoni. "Huu usiukate. Huu ni mkole." Kwa Wazaramo mkole una nafasi yake kwenye unyago, mwali huchezwa chini yake, na bibi alinielewesha kwa maneno machache kwamba zipo shughuli zilizofanyika kwenye mti ule ule kabla ya mimi na hati yangu ya mauziano. Shimo tulilihamisha. Lilituongezea gharama ya mabomba, na fundi alinung'unika. Sijutii. Mtu anayenunua ardhi ya wenyeji anunue na heshima kidogo.

Sasa nije kwenye jambo lililonishtua kuliko yote. Kivulini, chini ya mbungo, palikuwa na mmea wenye fito nene za kijani zinazotoka ardhini, kila ufito umepangwa vijani vinene vinavyong'aa. Niliuona nikaujua. Wiki chache kabla nilikuwa nimeulizia bei ya mmea huo huo kwa wauza miche wa kando ya barabara, umewekwa kwenye chungu cheupe, unaitwa "zizi", na nikaambiwa ni wa kutoka nje, bei yake makumi ya maelfu. Kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Kwao ni huku kwetu, kuanzia kusini mwa Kenya, Tanzania na Zanzibar, kushuka mpaka Afrika Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliuandika mwaka 1829, na miaka ya 1990 wakulima wa Uholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi, ukasambaa kwenye ofisi na sebule duniani kote. Ukarudi Dar kwa chungu na bei.

Nilipochuchumaa nikauona vizuri. Kiangazi kile ulikuwa umedondosha baadhi ya vijani vyake. Nikaokota kimoja. Kwenye kitako chake palikuwa na kivimbe kidogo cheupe, ukubwa wa punje ya mahindi, na kutoka kwenye hicho kivimbe vijizi viwili vyembamba vimeshaingia kwenye mboji. Kila kijani kinachodondoka ni mche. Huna haja ya kununua wala kung'oa mmea mama. Okota vijani, vipachike kitako chini kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, mwagilia kidogo mno, na uwe na subira ya mwaka mzima. Chini ya ardhi mmea huu una viazi vinavyohifadhi maji, kwa hiyo watu wengi wanauua kwa kuumwagilia kila siku. Ninao sasa kibarazani, ninao bafuni, na nimewagawia wenzangu kazini.

Na si huo peke yake. Lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya linalouzwa kwenye maduka ya maua ya Ulaya na Marekani asili yake ni milima ya Tanga. Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa kikoloni huko Usambara, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia kwa heshima ya familia yake. Leo kuna madirisha mengi ya nchi za nje yenye ua hilo, na misitu ya Tanga ambako linaota lenyewe inazidi kupungua. Nikiwaza hilo naumia. Tunawalipa watu kufyeka kile ambacho wengine wanalipa kukipata.

Kuna swali ambalo kila ninayemsimulia hayo huniuliza: basi nikate mwembe? Hapana. Mwembe ulitoka Asia, mkorosho na mpapai Amerika, mwarobaini Bara Hindi, na sijui nyumba ya pwani ingekuwaje bila hiyo. Inatulisha na tumezoeana nayo. Ninachoangalia mimi ni kama mti mgeni unakaa pale ulipouweka au unasambaa wenyewe na kuzisonga mbegu za wenzake. Mlusina, kwa mfano, uliletwa kutoka Mexico kwa ajili ya malisho ya mifugo na kuni, lakini ukiuacha bila kuukata maganda yanapasuka na msimu unaofuata una mamia ya miche. Lantana nayo ndege wanaisambaza kila kona. Hiyo miwili niliing'oa nyuma bila huruma, na bado naing'oa kila baada ya mvua. Usiikate tu, ng'oa na mzizi.

Pia usidhani mti ukiwa wa Tanzania basi unafaa popote Tanzania. Kule Amani, Usambara Mashariki, kuna mti unaoitwa kitaalamu Maesopsis eminii, Waganda huuita musizi. Ni mti wa asili wa upande wa Ziwa Viktoria, Bukoba na Uganda. Ulipopandwa Amani enzi za ukoloni ulisambaa ukaingia katikati ya msitu wa pale na kuwa tatizo. Mti wa Kagera ni mgeni Tanga. Kwa hiyo mimi nikitaka kujua cha kupanda sianzi na kitabu cha nchi nzima, naanza na msitu wa karibu. Kwetu ni Pugu na Kazimzumbwi, sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, unalipa kiingilio unatembea na mwongozaji anayekutajia miti. Nenda na daftari. Usichukue mche wala mbegu humo, ni kosa, na msitu wenyewe umeshakatwa mkaa wa kutosha.

Tembelea kiwanja chako pia kwa misimu miwili. Bibi alinionyesha kiangazi kile kile sehemu iliyokuwa tupu kabisa, akaniambia hapo masika pana mlenda. Sikuona kitu. Mvua ziliponyesha mlenda ukajaa, na mgagani ukajiotea wenyewe kando ya lile jaa la zamani, na mchunga haukuwahi kuisha. Kama ningesafisha mwezi wa pili ningeapa kwamba nimefyeka ardhi isiyo na kitu. Mboga hizo hatuzimwagilii wala hatuzipigi dawa. Mchunga ni mchungu, watoto wangu waliukataa mpaka nilipojifunza kwa bibi kuuchemsha kwanza, kumwaga maji, halafu kuunga kwa nazi.

Nisikufiche upande mgumu. Watu watakusema. Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza aliuliza kama tumeishiwa kiasi cha kushindwa kulipa mtu wa kufyeka. Mjumbe alipita akasema majirani wanalalamika tunafuga nyoka. Maneno hayo yanauma, na mume wangu nusura akubali. Kilichotuokoa ni kuelewa hofu yenyewe badala ya kubishana nayo. Nyoka anafuata chakula na maficho. Chakula chake ni panya, vyura na mijusi, na panya walikuwa wanafuata takataka zetu za jikoni na rundo la matofali na mbao zilizobaki kwenye ujenzi. Tuliondoa rundo, tukaweka takataka kwenye pipa lenye mfuniko, tukaacha uwanja mtupu uliofagiliwa kuzunguka nyumba yote, kama nyumba za zamani za pwani zilivyokuwa. Matawi yanayogusa paa tukayakata. Tukachonga njia moja ya kupita, pembeni tumepanga mawe. Ajabu ni kwamba yale mawe ndiyo yaliyomaliza maneno. Mtu akiona ukingo nadhifu anaamini kilichomo ndani kimekusudiwa, na mjumbe huyo huyo alikuja kuomba miche ya mabungo.

Kuhusu mbu, watu wanalaumu majani, lakini mbu anazaliwa kwenye maji yaliyotuama. Kwetu mabuu niliyakuta kwenye visahani vya vyungu vya maua na kwenye tairi bovu. Dar imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengi anapenda hasa vyombo vidogo kama hivyo. Visahani tulivitupa. Ni kweli mbu mkubwa hujificha mchana kwenye majani yenye kivuli, ndiyo maana ule ukanda mtupu karibu na madirisha una kazi yake.

Na kuna sumu. Mmea kuwa wa asili hakuufanyi kuwa salama, na hili nalisisitiza kwa wenye watoto wadogo. Mnyaa unaopandwa uzio una utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni ni balaa, kata ukiwa umevaa miwani. Mdagu, ule wenye shina nene na maua ya waridi unaouzwa siku hizi kwa jina la "dezati rozi", utomvu wake watu wa kale walipaka mishale. Na ukikuta mmea unaotambaa wenye ua jekundu na la njano, petali zimejikunja kwenda juu na ncha za majani zinajishika kwenye vijiti, huo kitaalamu ni Gloriosa superba, kiazi chake kinaua. Mimi huo nimeuacha, ila nimeuzungushia wigo na watoto wameoneshwa. Matunda ya porini usimpe mtoto mpaka mtu anayeyajua ayale mbele yako.

Faida ya kichaka nilikuja kuiona kwa ukubwa wake mwishoni mwa 2023, mvua za El Nino zilipopiga. Mteremko wetu ulipokea maji kutoka barabara nzima. Mbele, maji yalichimba mfereji katikati ya pasipalamu, yakaondoka na mtende mmoja na kuacha msingi wa ukuta wazi. Kuurudisha ule ukuta kulitugharimu zaidi ya bustani yote ya awali. Nyuma, kwenye mteremko mkali zaidi, maji yaliingia kichakani yakatawanyika, asubuhi nilikuta majani makavu yamesogea tu na kujikusanya kwenye visiki. Mafundi wawili walipokuja kuangalia uharibifu walizungumzia kujenga ukuta wa kuzuia udongo. Niliwapeleka nyuma wakaone.

Tangu hapo tumeanza kuurudisha upande wa mbele, na huko hakuna visiki, kwa hiyo ni mbegu na miche. Haya ndiyo niliyoyapata kwa vitendo. Mkongo una ganda nene gumu ambalo likipasuka unakuta mbegu nyeusi zilizovaa kofia nyekundu. Ni nzuri kiasi kwamba watu huzitunga shanga. Itoe kofia, ikwangue mbegu kidogo kwa msasa upande wa pili, iloweke usiku kucha. Mkwaju vivyo hivyo, loweka. Mbuyu una ganda gumu zaidi, mwagia maji ya moto uache yapoe nayo. Mpingo panda mbegu zikiwa mpya, hazihitaji kukwanguliwa. Mabungo kula tunda, panda mbegu siku hiyo hiyo, zikikauka zinapoteza uhai.

Halafu mizizi. Miti hii mingi inashusha mzizi mmoja mrefu kabla haijapandisha hata majani ya kueleweka. Miche ya mkongo tuliyoihamisha kutoka nyuma ilikufa yote, kwa sababu mche wa urefu wa kiganja ulikuwa na mzizi unaozidi mkono na tuliukata bila kujua. Tumia kiriba kirefu, sogeza viriba mara kwa mara ili mzizi usizame ardhini, na panda mapema, usisubiri mche "ukomae" kitaluni. Vizuri zaidi ni kupanda mbegu palepale mti utakapokaa, mvua za kwanza za masika zikishalowesha ardhi. Vuli ya huku haitabiriki, mche wa vuli utaumwagilia Januari na Februari yake. Kwa miche ya kununua, ukiona kiriba mzizi umejizungusha kama chemchemi ya godoro, acha. TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wana kituo cha mbegu za miti Morogoro, na ofisa misitu wa wilaya anaweza kukuelekeza. Huyo huyo muulize kabla hujakata mpingo, mkongo au mninga wowote, hata kama umeota kwako, maana miti hiyo ina sheria zake.

Kwa mtu aliyezoea pasipalamu inayotandikwa kwa siku moja, kusubiri huku kunachosha. Miche yangu ya mpingo bado haijanifika kiunoni, na mpingo unahitaji miongo mingi kufikia mti wa kuvunwa, kwa hiyo huo naupanda nikijua si wangu. Mkongo mmoja umenipita kichwa. Uwanja wa mbele kwa sasa una mchanganyiko ambao mgeni hauelewi vizuri: kipande cha nyasi kilichosalia, ukoka wa kienyeji unaosogea wenyewe, mitaro miwili tuliyoichimba kuvuka mteremko ikajazwa matawi, na mabungo yanaanza kushika nguzo za uzio. Boza hatujaliita mwaka huu. Ashoki tumeacha zile za upande wa barabara, zinazuia vumbi, na mume wangu anazipenda.